Jina la Dole Gumba

Siku Ester aliporudi na mashine kichwani tulikusanyika ofisini, na waliokuwepo ni hawa. Mwalimu mkuu wa shule yetu ya viziwi, Mwalimu Mbilinyi, ambaye nilisali naye kanisa moja. Mwalimu Neema Kaduma, mgeni, aliyesomea kufundisha watoto kusikia na kusema. Baba yake na marehemu mume wangu walipasua mbao msitu mmoja. Lidia Sanga, mama mzazi wa Ester, Mkinga wa Iwawa aliyehamia Makambako kuuza viazi. Msigwa mpishi, aliyeleta chai akasahau kuondoka. Ester mwenyewe, mapajani kwa mama yake. Na mimi, Anyesi Mgaya, mlezi wa bweni la wadogo, ambaye sikuwa ndugu wa mtu mle ndani isipokuwa huyo mtoto, kwa namna nitakayoieleza.

Happy na Skola, ninyi mliobaki bwenini, siku ya kuniaga mliniomba niandike kazi ilivyokuwa ili wanaokuja wasianzie gizani. Wengine wakistaafu wanaandika walivyopanda vyeo. Mimi niliingia mlezi nikatoka mlezi, kwa hiyo hapo nimewaokolea karatasi. Shule yangu ni darasa la nne. Mwandiko mtauvumilia. Lakini majina sijawahi kupoteza, wala la mtoto wala la mzazi, na kazi yenyewe ilikuwa majina.

Nilipoanza, bweni lilikuwa la mbao chini na juu, na upepo wa kutoka upande wa Kitulo ulipita katikati kana kwamba nao umeandikishwa shule. Aliyenipokea ni Mama Ngole, Mungu amrehemu, mwanamke mfupi aliyesema maneno machache kwa sababu mikono yake ilikwisha kuyasema. Asubuhi ya kwanza niliingia nikapiga makofi, watoto waamke. Mama Ngole akaniangalia. Akaniuliza, "Unamwamsha nani, mimi?"

Ndipo akanifundisha. Mtoto asiyesikia humvuti bega, maana atadhani amevamiwa. Humfunui blanketi, maana Njombe si mahali pa kumfunua mtu. Unakwenda miguuni, unalibana dole gumba la mguu juu ya blanketi, taratibu, kama unayepima parachichi limeiva au bado. Halafu unasimama pale macho yake yatakapofungukia, na uso uliouandaa. Ukiwa umegombana na mumeo, uso huo uuache mlangoni.

La pili alilonifundisha ni majina. Kila mtoto alikuwa na majina mawili. Moja la mdomo, alilokuja nalo kutoka kwao, ambalo hakuwahi kulisikia. La pili la mkononi, alilopewa na wenzake. Mlezi hatoi jina, anapokea tu. Sifa Mwinuka alikuwa "anayepuliza uji". Daudi Nyagawa alikuwa kofi dogo la kisogoni, kwa sababu ndipo alipopenda kuwapiga wenzake. Grace Tweve alikuwa kidole kwenye pengo, na pengo lilipoziba jina likabaki. Mimi nilikaa muda mrefu bila jina, natajwa tu kama "yule mpya", mpaka siku moja Sifa akalibana dole gumba la mkono wake wa kushoto kwa vidole viwili vya kulia, akaninyooshea kidole, na bweni zima likacheka. Basi. Nikawa huyo. Kanisani nimebatizwa Anyesi, na sikulia. Siku ile nililia, nikawaambia ni moshi wa jiko.

Ester alikuja mdogo kuliko wote. Lidia alimleta na gunia la viazi la shukrani kabla hata hatujafanya la kushukuriwa. Mtoto aliingia amevuta mikono ya sweta mpaka vidole vimepotea, na kwa siku nyingi hatukuviona. Wenzake wakampa jina hilo hilo, kuvuta mkono wa sweta. Kiziwi anayeficha mikono ni mtu aliyefunga mdomo, kwa hiyo nililala kitanda cha pembeni yake, nikamsubiri. Vidole vilipotoka, neno la kwanza vililosema lilikuwa kubana dole gumba. Lilikuwa jina langu, la kwanza kabisa katika maisha yake, kabla hajamtaja mtu mwingine chini ya jua. Nililiweka moyoni kama mtu anavyoweka kitenge kizuri, hakivaliwi, kinafunguliwa tu kutazamwa.

Halafu wakampeleka Dar. Walimpasua nyuma ya sikio wakamwekea kifaa cha kusikia ndani ya kichwa, wakangoja kidonda kipone, kisha wakamwashia. Ndiyo siku ile ya ofisini.

Mwalimu Kaduma alizungumza vizuri, siwezi kumkatalia. Alikuwa na viatu vya ngozi vya kufunga mpaka juu, na nilianza kwa kumwonea wivu viatu maana ndivyo vilivyokuwa karibu na macho yangu. Alieleza kwamba kusikia kwa mashine si kama kusikia kwetu. Ubongo wa mtoto unaletewa kelele ngeni, na lazima ujifunze ipi ni mlango, ipi ni mbwa, ipi ni mtu. Akikimbilia mikono, hatajifunza. Kisha akanigeukia.

"Kuanzia leo, Mama Anyesi, kwa Ester ni mdomo tu. Akikuita kwa mkono, usiitike. Mngoje."

Nikauliza, "Nimngoje mpaka lini?"

"Mpaka aone kwamba mdomo unafika."

Lidia akanishika kiganja. Akasema, "Mikono yako sasa ipumzike, mama. Imefanya kazi sana." Alisema kwa wema kabisa, na huo wema ndio ulionichoma. Mtu akikutukana unajua pa kuweka kinyongo. Akikushukuru kwa namna ya kukufungia mlango, unakibeba mkononi kama kuku.

Sasa niisemee hiyo mashine, maana siku moja mtapata mwingine mwenye nayo. Kuna kipande kinachokaa nyuma ya sikio, na waya mfupi, na kisahani kinachojishika kichwani chenyewe kwa sumaku, kwa kuwa ndani ya ngozi kuna sumaku nyingine. Anapooga kinatoka. Anapolala kinatoka. Usiku kinalazwa kwenye kopo lenye dawa ya kukausha unyevu, na kwetu, ambako ukungu unaingia ndani bila kubisha, usilale kabla hujahakikisha kifuniko kimekaza. Betri zichajiwe umeme ukiwepo, siyo ukihitajika. Blanketi za nailoni hapana, zinatoa cheche. Kofia ya sufu inakisukuma kisahani kinadondoka, kwa hiyo fuma kofia yenye mwanya upande huo na kipande cha kufunika juu yake. Niliharibu kofia tatu kabla ya kupata ya nne, na za kwanza alizivaa Msigwa.

Siku moja kisahani kilipotea na waya wake. Bweni zima lilipekua chini ya magodoro. Mwalimu Kaduma alikuwa karibu kulia. Grace ndiye aliyekiona, kimejishika kwenye mguu wa kitanda cha chuma, kimetulia kama mjusi. Tangu hapo kila kilipopotea tulianza na vyuma, na mara nyingi kilikuwa kwenye sufuria ya Msigwa.

Kazi ya mdomo na sikio ilifanyika chumba cha mwisho. Nilikunja mashuka kwenye korido, na mashuka ya chumba kile yalihitaji kukunjwa kuliko yote. Mwalimu alimpa Ester maharage na kopo. Mwalimu alifunika mdomo wake kwa karatasi, akatoa sauti. Ester akisikia, atupe haragwe koponi. Mwanzo alitupa akiona mabega ya mwalimu yamepanda, mjanja yule. Mwalimu akahamia nyuma yake. Wakarudia, wakarudia, siku za mvua bati likipiga kelele hata mimi mwenye masikio nilikuwa sisikii kitu. Halafu nikaanza kusikia haragwe likianguka mahali pake. Tii. Tena, tii. Nilifurahi kwa ajili ya mtoto, Mungu ni shahidi, na nililichukia lile haragwe.

Akaanza kutaja watu. Wa kwanza alikuwa mama yake, kwenye simu iliyowekwa sauti kubwa. Lidia akapiga ukelele huko Makambako mpaka wapagazi sokoni wakamuuliza nani amekufa. Kisha akamtaja Neema, mwalimu. Kisha Msigwa, ambalo lilitoka "Iwa", na Msigwa alitembea wiki nzima kama aliyeteuliwa mkuu wa wilaya, akimwongezea kiazi kila chakula. Mimi nilingoja. Nilimsemesha kwa mdomo, nikajitaja, nikapiga kifua, "Bibi. Bibi Anyesi." Ananiangalia kwa huruma, kama mtu anayefundishwa jina la kitu anachokijua tayari. Halafu anabana dole gumba.

Na mimi nilikuwa nimeagizwa nisiitike.

Kuna asubuhi nilikuwa naanika mashuka kamba ya nyuma, upande wa misindano. Ester akasimama akaniita, kwa dole gumba. Nikaanika shuka. Akazunguka upande wa pili akaniita tena, juu zaidi, karibu na uso wangu, kama unavyomwonyesha mtu mwenye macho mabovu. Nikatazama miti. Akabana dole gumba lake mpaka likawa jeupe. Niliwahi kuwauguza watoto wa surua bweni zima, niliwahi kuzuia moto kwa mablanketi mabichi, nilimfunga Daudi mguu ulipovunjika nikambeba. Hayo mtu anayafanya tu. Lile la kusimama na pini za nguo mdomoni nikitazama miti, ndilo lililonishinda nguvu. Akavuta mikono ya sweta mpaka vidole vikapotea, akaondoka.

Sikumwambia mwalimu neno. Aliamini anachofanya, na mtoto alikuwa kweli anasikia. Siku hizi nasikia wapo wanaosema mdomo na mikono vinaweza kwenda pamoja bila kugombana. Mimi si mtaalamu. Waulizeni wataalamu, lakini waulizeni mapema.

Nilichofanya ni hiki. Alfajiri mashine ilikuwa kwenye kopo. Sheria ya mwalimu nayo ilikuwa haijaamka. Nikawa namwamsha Ester wa kwanza, kabla ya wote, namfinya dole gumba la mguu, nasimama pale macho yake yanapofungukia. Anatoa mikono anaongea. Ameota ng'ombe. Meno yanalegea. Neema ana viatu vizuri, aliviona na yeye. Nilimjibu yote. Kisha namvika kisahani mwenyewe, kinajishika, na nauona uso wake unageuka kuelekea mlangoni, kwa wengine. Nilikuwa kama mtu wa zamu, nikiikabidhi kazi yangu kila asubuhi kwa mwingine.

Alipoweza kusema ya kutosha, Lidia alikuja kumchukua akasome shule ya kawaida Makambako, karibu na nyumbani. Nilifungasha kofia mbili, kopo, na kipande cha karatasi chenye maelezo ya unyevu. Aliaga kila mtu kwa mdomo, mmoja mmoja, na watu wazima walijifuta macho. Mimi aliniaga kwa kunikumbatia kiunoni, mikono yote miwili imeshughulika huko, kwa hiyo sikuitwa kwa namna yoyote.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Nikarudi nyumbani kwangu, nikawa nafuma masweta ya watu, na kila alfajiri naamka saa ya bweni, sina wa kumfinya kidole.

Siku moja Lidia akatokea mlangoni. Ametoka Makambako kwa kosta ya kwanza, na kiroba cha viazi. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, za nyumbani, za safari, viazi vinaendaje, tukamaliza ndugu wote wa pande mbili. Chai ikaisha. Akawa anaitazama mikono yangu na sindano.

Akasema waya wa mashine ulikuwa umekatika. Mwingine ulitakiwa utoke Dar, ukachelewa, na nyumba ikawa kimya. Mtoto anamtazama mdomo, hapati kitu. Jioni akawa anajibana dole gumba, anajibana tu. Lidia akalipaka mafuta ya mgando, akalifunga kitambaa, akampeleka zahanati, nesi akalitazama akasema halina kitu. Waya ulipokuja akamuuliza kidole kinauma wapi. Ester akamjibu kwa mdomo, wazi kabisa, "Hakiumi. Huyo ni bibi."

Lidia akaweka kikombe chini.

"Nimemzaa mimi," akasema. "Nimelala sakafuni hospitali mimi. Kila akirekebishwa mashine, nimesafiri naye mimi. Na ikizimwa, anakuita wewe."

Nitawaambia ukweli, wanangu. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikainama kutafuta uzi ambao haukuanguka. Miaka yote nilidhani wivu uko upande wangu peke yangu, kumbe umejenga nyumba Makambako pia. Akaendelea. Kila usiku kisahani kikitoka, Ester anakaa na mdogo wake Amani, amemfundisha mikono, wanacheka wawili, na yeye mama anapita na bakuli kama mpangaji. Na mashine itatoka kila usiku maisha yake yote.

"Nifundishe," akasema.

Nilimwambia nitafikiri, nikamsindikiza kwa kosta. Nilifikiri kweli, na mawazo yangu hayakuwa mazuri. Yeye amepata mdomo wa mtoto. Amepata mchana. Kipande kidogo kilichobaki, cha mashine ikiwa kwenye kopo, kilikuwa changu, na sasa amekuja kukichukua kwa kiroba cha viazi. Nikifundisha, nitabaki na nini? Lakini kila nilipofika hapo nilimwona Ester anaongea huku kitambaa kimemfunga dole. Mtoto amefungwa mdomo kwa mafuta ya mgando na mapenzi. Jumamosi nikapanda kosta.

Lidia anakaa nyuma ya soko. Tulifundishana pale pale kwenye magunia, wateja wakisubiri. Ana mikono migumu, imepasuka kwa kushona magunia ya viazi yaliyojazwa lumbesa, kupita mdomo, na vidole haviachani kirahisi. Nilimwanzishia yale ya bwenini, siyo ya vitabuni. Baridi. Njaa. Nani amekupiga. Wapi panauma. Umeota nini. Wapagazi walimtania, "Mama Ester, unapanga bei na nani huko hewani?" naye anawatukana kwa Kikinga bila kusimamisha mikono. Alijifunza haraka, na hilo halikunipendeza. Nilitegemea angalau awe mzito.

Siku moja akabana dole gumba, akaniuliza nimsahihishe vidole. Nikamwambia, "Hilo silifundishi. Majina ni ya watoto." Na ilikuwa kweli, ndiyo sheria ya Mama Ngole. Ilikuwa kweli na ilinifaa, vyote viwili.

"Na la kwangu?" akauliza.

"Hilo nalo silo langu kutoa."

Alingoja kama nilivyongoja mimi. Halafu Jumamosi moja Ester alitoka kuoga, kisahani bado kiko koponi, akamkuta mama yake anashona mdomo wa gunia. Akasimama. Akainua mkono, akashika sindano ambayo haikuwepo, akaivuta kwa nguvu mpaka juu ya bega, kama Lidia anavyovuta kamba ya katani. Akamnyooshea mama yake kidole. Amani akacheka, akarudia. Nikarudia na mimi, maana mlezi anapokea.

Lidia aliacha sindano ikining'inia kwenye gunia, akavuta ile ya hewani, mara moja, taratibu, akijijaribu jina. Kisha akasema macho yamemwingia vumbi la viazi.

Lilikuwa jina zuri. Lilikuwa na nguvu, na mkono mzima unaingia. La kwangu ni dole tu. Nilinuna mpaka saa ya kuondoka.

Ester akanisindikiza stendi, kavaa mashine yake na kofia yangu, ile yenye mwanya. Mnaijua stendi ya Makambako, malori ya kwenda Mbeya na ya kwenda Songea yanaungurumiana pale njia panda kama yamekosana. Nilimwacha nyuma kidogo, nikaenda kuuliza kosta. Ndipo nikasikia nyuma yangu, juu ya kelele yote ile, sauti ya mtoto, "Bibi Anyesi."

Jina langu lote. Halikukosa hata kipande. Ndilo nililolingoja kwenye korido na mashuka mikononi. Mwanamke wa karanga aligeuka. Kondakta aligeuka, akaniambia, "Bibi, unaitwa."

Sikugeuka. Nilitazama malori.

"Bibi Anyesi," akasema tena, karibu zaidi.

Nikaendelea kutazama malori. Nilikwisha fundishwa kungoja, na mwalimu wangu alikuwa mzuri.

Nikasikia viatu vyake vinazunguka. Akaja akasimama mbele yangu, pale macho yangu yalipokuwa, akaniangalia usoni kwa muda, na nikaona amenielewa, maana alianza kutabasamu upande mmoja. Akavuta mikono ya sweta nyuma mpaka vidole vikatoka vyote. Akalibana dole gumba.

Nikaitika.

Ndiyo niliyoyakumbuka. Kama nimemweka mtu mahali hakuwepo, au nimekosea jina la mtoto wa mtu, nisahihisheni, sitachukia sana. Ya mdomo niandikieni tu. Ya mkononi hayaandikiki, hayo njooni mnionyeshe, na mkija alfajiri nitakuwa macho.